Gramu na Baiskeli ya Zamu Mbili

Mkaguzi wa mizani hapendwi na mtu, na Gramu alikuwa ameizoea hali hiyo kama mtu anavyozoea umbo la pua yake. Kwa miaka thelathini na moja aliingia masokoni na sanduku lake la mawe ya shaba, na kila alipoingia, wauza sukari walikumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa nyumbani. Jina la Gramu alipewa na wauza nyama, siku alipofunga bucha kwa upungufu wa gramu kumi na mbili. Waliompa walikusudia kumtukana. Yeye alilipokea kama shahada.

Alikuwa amejenga nyumba mwisho kabisa wa mji, mahali ambapo mji wenyewe hauna hakika kama umefika. Aliishi huko na mama yake, mwenye umri wa miaka themanini na mbili kwa hesabu yake mwenyewe na themanini na sita kwa hesabu ya cheti. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo na dawa za kumeza asubuhi na jioni, na alikuwa na sharti moja: dawa haipokei ila kutoka mkononi mwa mwanawe. Liliwahi kufanyika jaribio. Mpwa wa Gramu, binti mstaarabu aliyesomea mambo ya lishe, alikuja kukaa nao mwezi mzima ili kumpumzisha mjomba wake. Mama alipokea kila kidonge kwa tabasamu na kukizika kwenye kopo la ua lililokuwa dirishani. Mwisho wa mwezi ua lilinawiri vizuri sana, na mama akapelekwa hospitali.

"Si yule mtoto ana haraka," alijitetea kitandani. "Ananipa dawa kama anayelisha kuku."

Basi Gramu alikuwa na kazi mbili zisizo na likizo. Na kati ya hizo mbili palikuwa na safari. Kutoka nyumbani hadi kituo cha treni, kilomita saba. Treni, dakika hamsini. Kutoka kituo cha mjini hadi ofisini, dakika ishirini kwa miguu. Kwa miaka mingi aliimudu kwa kuamka kabla ya jogoo na kupata lifti ya gari la maziwa, mpaka kampuni ya maziwa ilipogundua kwamba mwisho wa mji hapana wateja, ikaacha kupeleka gari.

Mwaka huohuo ofisi ilipata mkurugenzi mpya. Alikuwa kijana, amesoma, na alikuja na mashine ya kutambua sura, iliyotundikwa mlangoni mahali palipokuwa na kalenda. Saa mbili kamili asubuhi mashine ilikuwa ikibadilika rangi, kutoka kijani kuwa nyekundu, na aliyeonekana katika wekundu alipata alama. Alama tatu ndani ya mwaka zilimpa mtumishi uhamisho. Uhamisho nao haukuwa wa kuchagua: ni kituo cha mbali, mwendo wa siku mbili kwa barabara, ambako hospitali ilikuwa bado inasubiri paa. Mama alipoelezwa jambo hilo alisema kwamba yeye atahama katika nyumba ile mara moja tu, na siku hiyo hatatembea kwa miguu yake.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa asiye mkaguzi. Alama tatu, na mama anabaki peke yake na kopo la ua.

Shemeji yake, mume wa dada, ndiye aliyeleta ukombozi. Shemeji alikuwa msomaji wa majarida.

"Shemeji, dunia imekuacha," alisema, akiwa ameegemea gari lake. "Siku hizi watu wanaunganisha. Baiskeli ya umeme mpaka kituoni, treni mpaka mjini, baiskeli tena mpaka kazini. Hakuna foleni, hakuna jasho. Wataalamu wanauita mnyororo wa usafiri."

"Na wewe unautumia mnyororo huo?"

"Mimi nina mgongo mbovu," alisema shemeji, akaingia garini.

Gramu akanunua baiskeli ya umeme. Mama alitoka nje kuikagua, akaizunguka mara mbili na mkongojo wake.

"Inajiendesha yenyewe?"

"Inasaidia, mama. Kuna mota hapa katikati ya gurudumu."

"Na wewe juu yake unakwenda kufanya nini?"

Gramu akapiga kengele ya baiskeli, kana kwamba ndiyo jibu.

Wiki ya kwanza aliipandisha baiskeli ndani ya treni, kama majarida yalivyoelekeza. Majarida hayakusema kwamba katika treni ya saa kumi na mbili na dakika arobaini hata mwavuli hupata tabu ya nafasi. Alisimama mlangoni ameikumbatia, na umma ukaipokea kama samani mpya ya behewa. Mama mmoja alitundika mkoba wake kwenye usukani. Bwana mmoja mnene aliketi kwenye keria, akashukuru, akalala. Kituo cha mjini kilipofika, bwana yule hakuamka, na kumng'oa kulichukua muda mrefu kuliko subira ya treni. Gramu alishukia kituo kilichofuata akarudi kwa pedali, akaiona rangi nyekundu saa mbili na dakika tisa. Alama ya kwanza. Juma lililofuata kituo kikabandika tangazo: baiskeli hazipandi treni asubuhi.

Basi ikabidi baiskeli iishie kituoni na sehemu ya mwisho aimalize kwa miguu. Lakini umeme wa mwisho wa mji nao ulikuwa na tabia za mgeni rasmi: huja umechelewa, huondoka mapema. Ulipokatika siku tatu mfululizo, betri ilikata roho katikati ya kilima. Baiskeli ya umeme isiyo na umeme si baiskeli tena. Gramu alisukuma kilo ishirini na sita, uzito aliokuwa ameuhakiki mwenyewe, na alipofika juu treni ilikuwa imeshapita. Alama ya pili. Ilikuwa bado mwezi wa tano.

Hapo ndipo alipoingia Waziri. Waziri alikuwa mlinzi wa banda la baiskeli pale kituoni, na cheo hicho alijipa mwenyewe, kwa hoja kwamba katika nchi nzima hakuna mtu mwingine anayeshughulikia usafiri kwa mikono yake.

"Bosi," alimwambia Gramu jioni ile ya alama ya pili, "chuma chako kinalala hapa kutwa nzima kama mstaafu. Kuna mkunga anakuja na treni kutoka mjini, anashuka hapa saa moja kasoro dakika kumi, anatembea kilomita nne mpaka zahanati. Zahanati ina paneli za sola juu mpaka mafundi wanakosa pa kukanyaga. Wewe una baiskeli huna umeme. Yeye ana umeme hana baiskeli. Mimi mambo kama haya nikiyaona roho inaniuma."

Ndivyo ilivyokuwa. Gramu alipanda baiskeli kutoka nyumbani alfajiri, akaiacha kwa Waziri, akadandia treni ya kwenda mjini. Dakika kumi baadaye Mkunga alishuka kutoka treni iliyotoka mjini, akaichukua, akaenda nayo zahanati, akaichaji kutwa, akairudisha bandani saa kumi na moja na nusu jioni. Gramu aliikuta saa kumi na mbili, imeshiba. Kwa miezi mitatu watu wawili walitumia baiskeli moja bila kuonana hata mara moja, na Waziri akawatangazia abiria wote kwamba wale ni wake wenza, na kwamba hajapata kuona mume mwenye adabu kama yule.

Mtu mwingine angeridhika. Gramu aliandika mkataba. Ulikuwa na vifungu tisa, na ulikaa kikapuni mwa baiskeli ndani ya mfuko wa nailoni. Kifungu cha pili kilitaka betri irudi na asilimia zisizopungua tisini. Kifungu cha saba kilikataza pande zote mbili kuingiza habari za nyumbani katika shughuli za chombo. Ukiukwaji ulijibiwa kwa barua, nazo zilikuwa na namba.

"Yah: Kiti kushushwa," iliandika barua ya nne. "Kiti hurudi kikiwa chini kwa sentimita sita. Naomba kirejeshwe kilipokuwa."

Jibu lilikuja nyuma ya kadi ya chanjo: "Kiti chako kinanipeleka mbinguni kabla ya siku zangu. Rejesha mwenyewe."

"Yah: Asilimia," iliandika barua ya saba. "Jana nilipokea themanini na sita."

"Jana nilipokea mapacha," lilijibu jibu.

Jioni moja ya mwezi wa nane Gramu alishuka kwenye treni akakuta banda lina kila kitu isipokuwa chuma chake.

"Mkunga hajarudi," alisema Waziri. "Nadhani kuna mtu anazaliwa."

"Mkataba unasema saa kumi na moja na nusu."

"Mtoto ameusoma?"

Gramu alitembea kilomita saba. Alipofika nyumbani dawa ya jioni ilikuwa imechelewa saa moja na robo, na mama alikuwa ameketi wima sebuleni, bilauri ya maji mkononi, kama hakimu aliyenyimwa mshtakiwa.

"Nimekusubiri mpaka ugonjwa wenyewe umechoka," alisema.

"Baiskeli haikurudi, mama."

"Mtu anajua baiskeli itarudi lini? Wewe ndiye wa kurudi."

Akameza. Bilauri aliirudisha mezani kwa mikono miwili, na Gramu, ambaye aliishi kwa kuona vitu vidogo, aliliona hilo.

Asubuhi ya siku ya pili alikusudia kuondoka saa kumi na moja kamili, ili awahi treni kwa miguu. Mama alikuwa na makusudi mengine. Chai ilikuwa ya moto, akasubiri ipoe. Ilipoa, akataka ipashwe. Dawa aliitazama pande zote mbili, akauliza kama ndiyo ileile ya jana au ni ya ofisini. Gramu alitoka nyumbani saa kumi na moja na dakika arobaini, akikimbia mbio za mtu mzima, zile ambazo kwa mbali zinafanana na kutembea.

Alikuwa amekwenda kilomita tatu alipoona taa inakuja mbele yake ikiyumba. Juu ya taa palikuwa na mwanamke mfupi, kilemba kimepinda, gauni la kazi ndani ya sweta, kiti kimeshushwa mpaka mwisho.

"Wewe ndiye Gramu?" aliita kabla hajafunga breki. "Nimekuletea mume wetu!"

Hivyo ndivyo walivyoonana. Mkunga alikuwa amekesha. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, kageuka, kageuzwa, kageuka tena, na alipokubali kutoka ilikuwa saa kumi alfajiri. Tangu hapo Mkunga alikuwa na mambo mawili kichwani: kumrudishia mzee wa watu baiskeli yake, na kuwahi treni hiyohiyo ya saa kumi na mbili na dakika arobaini aende mjini kwake akalale. Njia ya nyumbani kwa Gramu alielekezwa na Waziri kwa simu.

"Basi panda twende," alisema. "Kilomita nne, dakika kumi na tano, sote tunaiwahi. Wewe endesha, miguu yangu imekufa."

Gramu alikuwa ameinama chini ya kiti, akisoma kibandiko.

"Mzigo usizidi kilo mia moja na hamsini," alisoma. Akainuka, akamtazama Mkunga toka kilemba hadi kandambili. "Wewe ni sabini na moja."

"Nani?"

"Wewe. Pamoja na mkoba."

"Mzee," alisema Mkunga polepole, "nimekesha na mwanamke aliyenitukana mimi, akamtukana mumewe, akamaliza ukoo wote wa mumewe mpaka waliokufa. Hakuna neno aliloniambia lililofika hapo."

"Ni kazi yangu."

"Haya. Na wewe kilo ngapi?"

Gramu alikuwa na kilo tisini na nne, alizozipima kila tarehe mosi kwa mizani ya serikali. Kutoa sabini na moja katika mia na hamsini kulibakiza sabini na tisa. Juu mashariki palikuwa panaanza kupambazuka. Mbele palikuwa na treni, na nyuma ya treni palikuwa na rangi nyekundu, na nyuma ya rangi nyekundu palikuwa na mama na kopo la ua.

"Sabini na nane," alisema.

Miaka thelathini na moja alikuwa amewasikia wauza sukari wakisema namba kwa sauti ileile, wakitazama pembeni vilevile. Mkunga alilitazama tumbo lake, ambalo kwa jicho la kikazi lilikuwa la miezi saba, akakaa kwenye keria.

Mota ililia kama mbu aliyekosewa. Kwa kilomita mbili walikwenda vizuri, hata Mkunga akaanza kusinzia na kichwa chake kikaegemea mgongo wa serikali. Kisha wakashuka kilima, wakavuka mfereji ulioikata barabara, gurudumu la nyuma likaingia, likatoka, na mlio ukasikika ambao uliamsha mbwa wa nyumba nne. Tairi lilipasuka toka upande mpaka upande, na spoki tatu zilichungulia nje kama miguu ya panzi.

Walisukuma. Wakiwa mita mia tatu kutoka kituoni, treni iliondoka. Miaka yote treni ile haikuwahi kuondoka kwa wakati. Siku hiyo iliamua kubadili tabia.

"Mmeiua," alisema Waziri, akiipokea baiskeli kwa mikono miwili.

Treni iliyofuata ilikuwa saa moja na dakika ishirini, na kwa jinsi dunia ilivyo, ilikuwa na viti vitupu. Walikaa wakitazamana. Mkunga aliona kwamba mwenzake hana hasira. Ana huzuni, na huzuni ya mtu wa aina ile ni jambo la kutisha, kama kuona kabati linalia.

"Umechelewa siku moja tu, mzee. Itakuwaje?"

Gramu akamweleza. Alama tatu, kituo cha mbali, mama, dawa, mpwa, ua.

"Mungu wangu! Miezi mitatu unaniandikia habari za sentimita, hili hukuliandika hata siku moja?"

"Kifungu cha saba," alisema Gramu.

Mkunga alifunga macho kwa muda.

"Kuna jambo jingine," Gramu akaendelea, kwa sauti ya mtu anayesalimisha funguo. "Mimi si sabini na nane. Ni tisini na nne. Tairi nimelipasua mimi."

"Tisini na nne nimeiona toka mbali. Kazi yangu nayo ni ya macho." Akajifuta uso kwa pindo la kilemba. "Na mimi si sabini na moja. Ni sabini na sita. Ulipokosea nikaona nisikukatize."

Gramu alijumlisha, akapata mia moja na sabini, akageukia dirisha.

Hapo Mkunga akatoa mkobani karatasi yenye kichwa cha zahanati na kalamu, akaandika juu ya goti, treni ikimsaidia kuharibu mwandiko. Barua ilisema kwamba usiku wa jana zahanati ilipokea uzazi mgumu. Kwamba baiskeli ya umeme ya mkaguzi huyu ilitumika kwa shughuli za zahanati mpaka alfajiri. Kwamba pasipo moyo wake wa kujitolea na mkono wake ulioshika taa mpaka dakika ya mwisho, yangetokea mengine. Na kwamba mama na mtoto wanaendelea vizuri. Akaweka muhuri, aliotembea nao mkobani kama wengine wanavyotembea na poda.

"Siwezi kuichukua," alisema Gramu.

"Kwa nini?"

"Sikushika taa."

"Uzazi ulikuwepo. Ulikuwa mgumu. Baiskeli yako ilikuwepo. Mama na mtoto hawajambo. Kila kitu humu kimetokea, ila wewe tu ndiye hukuwepo."

"Huo ndio upungufu."

"Wa gramu ngapi?" aliuliza Mkunga. Kisha akailainisha sauti. "Sikiliza, mzee. Mimi ndiye niliyechelewesha chombo. Ukihamishwa, jioni nitakuwa narudi kwangu na kumkumbuka bibi wa watu nisiyemjua. Usinipe mzigo huo. Ukishindwa kuitoa, ichane."

Hakuichana. Mashine ilimtambua saa mbili na dakika thelathini na moja, ikawa nyekundu kwa furaha, na kabla afisa utumishi hajafungua jalada, Gramu aliweka karatasi mezani na kutazama pembeni.

Mkurugenzi aliisoma amesimama. Aliisoma mara ya pili ameketi. Yeye mwenyewe alikuwa amepata mtoto mwaka uliopita, na siku ile alikuwa kwenye semina. Alama ya tatu ilifutwa kwa kalamu, kwa kuwa mashine haikuwa na kitufe cha kufuta.

Yangeishia hapo, ingekuwa dhambi ndogo ya kiofisi, ya kuzeeka nayo. Lakini mkurugenzi alikuwa mtu wa kuhamasisha. Jumatatu aliisoma barua kwenye kikao cha wafanyakazi wote, na habari ya taa akairudia mara mbili. Yakapigwa makofi marefu. Miaka thelathini na moja ya mawe sahihi haikuwa imempatia Gramu hata asante. Mistari sita ya uongo ilimpatia cheti chenye fremu, picha kwenye ubao wa matangazo, na fulana ya kijani ya mhudumu wa huduma ya kwanza.

Jumanne alibisha mlango wa mkurugenzi. Hakuna anayeweza kusema hakujaribu.

"Mheshimiwa, ile barua ina kasoro ya kipimo."

"Najua, mzee," alisema mkurugenzi, akimshika bega. "Wanyenyekevu wote husema hivyo."

Nyumbani, mama alikishika cheti mbali na uso wake, akakisoma mpaka kwenye sahihi.

"Uliona mtoto akizaliwa?"

"Hapana, mama."

"Najua. Ungeanguka. Hata siku uliyozaliwa wewe ulifumba macho." Akakilaza mezani, uso chini. "Hawakuhamishi tena?"

"Hawanihamishi."

"Basi lete dawa."

Akaimeza bila kuigeuza, akamshika mkono akauacha pale muda mrefu kuliko kidonge kilivyohitaji, jambo ambalo kwa mama huyo lilikuwa hotuba.

Wiki mbili zikapita. Baiskeli ilipata tairi jipya na spoki, na kifungu cha saba kilifutwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Kisha asubuhi moja katibu muhtasi wa kitengo cha leseni alikuja mezani kwa Gramu akitembea polepole, mkono kiunoni. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana kwenye simu.

"Baba," alisema, "nimekuandika."

"Umeniandika wapi?"

"Kwenye kadi ya kliniki. Pale pa mtu wa kupigiwa simu. Mama yangu yuko mbali, na hawa wengine," akaionyesha ofisi kwa kidevu, "watapiga picha tu. Nikakumbuka wewe ulisimama mpaka dakika ya mwisho. Tarehe yangu ni mwezi wa kumi, kati ya tano na ishirini. Utakuwepo?"

Gramu alifungua mdomo ili aseme ukweli. Aliutazama uso wa yule binti, akaona kwamba ukweli ungekuwa na uzito mkubwa kuliko alioweza kuubeba mjamzito mwenye mgongo unaouma.

"Nitakuwepo," alisema.

Siku tatu hakula vizuri. Aliwaza kama alivyofundishwa kuwaza: kipimo kisipolingana na bidhaa, kimoja kati ya hivyo viwili lazima kirekebishwe. Barua ilikuwa na muhuri, imesomwa hadharani, imetiwa fremu, haikurekebishika tena. Basi ikabaki bidhaa. Kama barua haiwezi kuufuata ukweli, ukweli utaifuata barua, japo kwa kuchelewa.

Jumamosi, baada ya dawa ya asubuhi, alipanda baiskeli akapita kituo bila kusimama, jambo lililomfanya Waziri atoke nje ya banda, na akaendelea kilomita nne asizowahi kuzipanda hata siku moja, ingawa baiskeli yake ilizijua kwa moyo. Zahanati ilikuwa jengo la chini lenye benchi moja ndefu. Mkunga alimkuta amesimama mlangoni, fulana ya kijani imemkaa kama foronya.

"Imekuwaje? Betri?"

"Nimekuja kushika taa."

Mkunga alimwangalia, akaangalia fulana, akataka kucheka, akaacha. Ndani kulikuwa na mwanamke aliyeletwa tangu alfajiri, na ndugu aliyemleta alikuwa amekimbilia nje kutapika.

"Nawa mikono," alisema Mkunga. "Mpaka kwenye kiwiko. Tena. Hiyo si kunawa, huko ni kusalimia maji."

"Itachukua muda gani?"

"Labda saa moja. Labda jioni."

"Labda si kipimo."

"Humu ndani hatuna kingine."

Alimtangulia, akamwombea ruhusa kwa mwanamke aliyekuwa kitandani, ambaye alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa godoro na jasho likimtiririka. Mwanamke alimpitisha Gramu macho mara moja.

"Huyu mzee ni nani?"

"Anajifunza," alisema Mkunga.

"Haya, asijifunzie mlangoni basi, ananizibia upepo. Aje huku nimshike mkono, huyu ndugu yangu hana faida."

Gramu akasogea, akasimama alipoonyeshwa, akatoa mkono.